Propolisi: ipi ununue kwanza, ipi uiache rafuni

Propolisi, ambayo wengi wanaijua kama gundi ya nyuki, ni utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye machipukizi na magome ya miti, wakauchanganya na nta na kuzibia nyufa za mzinga. Katika ile ghafi, takribani nusu ni utomvu na karibu theluthi ni nta. Unacholipia ni utomvu. Ndiyo maana nimezipanga bidhaa hizi kwa kuangalia kila moja inakupa utomvu kiasi gani, na kama lebo inathubutu kusema.

Kabla hujatoa pesa: mwenye mzio wa mazao ya nyuki aachane nayo kabisa, na mwenye pumu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na usinunue kwa ahadi ya "kuongeza kinga". Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia madai ya afya kuhusu propolisi na flavonoidi zake (kemikali za asili zitokazo kwenye mimea), ikaona ushahidi hautoshi. Penye matumaini kidogo ni vidonda vya kinywani na vile vya malengelenge ya midomo.

Ya kwanza kwangu ni ya matone, iliyolowekwa kwenye spiriti (kileo kikali). Utomvu huu huyeyuka vizuri ndani ya spiriti, lakini kwenye maji huyeyuka kidogo sana. Tatizo ni hesabu za lebo. "Asilimia 30" inaweza kumaanisha kwamba mtengenezaji aliloweka gramu 30 za propolisi ghafi kisha akachuja nta na takataka, au kwamba gramu 30 za utomvu mkavu zimo kweli katika kila gramu 100. Nguvu za hizo mbili zinatofautiana kabisa. Chukua chupa inayotaja utomvu mkavu au kiasi cha flavonoidi, isiyofafanua, irudishe.

Nyumbani, dondosha matone machache kwenye glasi ya maji. Yatakuwa meupe kama maziwa papo hapo, na kwenye kingo za glasi utaganda utando wa kahawia ambao sabuni haiuwezi. Utautoa kwa spiriti. Maji yakibaki maangavu, shuku. Ila usilitegemee sana jaribio hili, maana ulimbo wa mti wowote unaweza kuyachafua maji vilevile, na huko China imeshabainika kwamba dondoo (kiini kilichokamuliwa) ya machipukizi ya mipopla, miti ya nchi za baridi, huuzwa kwa jina la propolisi.

Kapsuli ni za pili, na kwa asiyetaka kileo au asiyevumilia ule uchungu unaotia ganzi ulimi, ndizo za kwanza. Soma miligramu ni za nini: za dondoo, au za unga wa propolisi ghafi pamoja na nta yake.

Krimu na mafuta ya midomo nayaweka ya tatu, kwa kazi moja tu ya ngozi na midomo. Za kupuliza kooni zinafuata. Zinafaa kubeba safarini, lakini nyingi ni sukari na mnanaa kuliko propolisi.

Usiyumbishwe na rangi. Ya kijani ya Brazili hutokana na kichaka cha Baccharis dracunculifolia, ya kahawia ya Ulaya hasa na mipopla. Kemikali zake zinatofautiana kweli, lakini bei kubwa ya kijani haithibitishi kwamba itakufaa zaidi.

Ghafi ni ya anayejua kuishughulikia. Ulizia ilivyovunwa: iliyokwanguliwa kwenye mbao za mzinga huja na vibanzi, rangi, pengine hata madini ya risasi, iliyotegwa kwa wavu juu ya fremu za mzinga ni safi zaidi. Kuisaga, igandishe kwanza kwenye friza, la sivyo itanata kwenye kinu na vidole.

Asali yenye propolisi na peremende za koo ziko mkiani. Kiasi chake mara nyingi hakitajwi, na penye kutajwa ni kiduchu. Ukizipenda, zinunue kama asali na kama peremende, kwa bei ya asali na peremende.