Rimula R4 X 15W-40 kwenye Land Cruiser za 1HZ zilizotembea sana: uzoefu wangu Kigoma

Magari ninayosimamia ni Land Cruiser za mkonga, injini 1HZ (ya dizeli, silinda sita), zote zimepita kilomita 350,000. Naweka oili ya injini ya Shell Rimula R4 X 15W-40 (namba hizo ni unene wa oili), daraja la API CI-4, yaani kiwango cha ubora wa oili za dizeli, na nimeridhika nayo: injini ikiwa ya moto presha haishuki ovyo, na gari lenye ringi nzima (pete za pistoni) haliniombi hata lita moja kabla ya kumwaga oili tena. Ila niseme ukweli, 15W-40 yoyote halisi ya CI-4 ingetosha. 1HZ haina tabo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini), haidai makuu. Kinachoiua huku kwetu ni kuchelewa kumwaga oili, na vumbi.

Kilomita peke yake zinadanganya. Gari la lami ya Kigoma–Kasulu likienda kilomita 70 kwa saa, kilomita 5,000 ni kama saa 71 za injini. Lile la vijijini Buhigwe na Uvinza lina wastani wa 25, kwa hiyo kilomita hizo hizo ni saa 200, bado hujahesabu muda linaounguruma limesimama ili kiyoyozi na redio ya mawasiliano vifanye kazi. Kwa hiyo magari ya vumbi namwaga kwa kilomita 5,000 au saa 200, kinachotangulia. Ya lami nafika 7,500, sivuki. Fungeni mita ya saa kwenye swichi ya presha ya oili. Ni kazi ndogo na inamaliza ubishi na madereva.

Mafundi wengi wakiona gari linakula oili wanakimbilia 20W-50, ambayo ni nzito zaidi. Ulaji unapungua kidogo na geji ya presha inapendeza, lakini asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali), na ringi zilizokwisha zinabaki zimekwisha. Pima kwanza. Chini ya lita 1 kwa kilomita 1,000, baki na 15W-40 na ongezea. Ikizidi hapo, anza kupanga ovaholi.

Kabla ya kulaumu oili, fungua mpira wa hewa baada ya filta na upitishe kidole ndani. Ukikuta unga mwekundu, hewa inapita pembeni: klempu imelegea, mpira umepasuka, au filta ya hewa imepulizwa kwa kompresa mpaka karatasi imetoboka. Unga huo ni mchanga laini, unasaga ringi na silinda, na hakuna oili ya kuuzuia.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya kuiweka ni kawaida, ina maana inabeba masizi. Cha kuogopa ni kipimo kupanda kwenye kijiti cha kupimia oili bila mtu kuongeza: dizeli inavuja ndani, anza na nozeli. Rangi ya maziwa ni maji, usiwashe.

Mwaga injini ikiwa ya moto, acha ichuruzike dakika 20, weka washa (pete ya kuzibia) mpya kwenye nati ya kumwagia. Filta ya oili ni namba 90915-30002 ya Toyota. Paka mpira wake oili, kaza kwa mkono. Mimina lita 9, washa injini dakika mbili, zima, subiri tano, kisha fuata kijiti. Taa ya presha ikichelewa kuzimika kila asubuhi, shuku filta ya bandia: vali yake inaacha oili irudi chini usiku. Na tafadhali, msisafishe injini kuukuu kwa dizeli. Tope linalobanduka linakwenda kuziba chujio la sampu (karai la oili chini ya injini).

Nanunua ndoo za lita 20: moja ni magari mawili na akiba ya kuongezea. Pipa ni nafuu kwa lita, lakini likisimamishwa nje wakati wa masika maji yanatuama juu na kupenya kwenye kizibo. Kama huna stoo, lilaze, vizibo viwe usawa mmoja.