TAHADHARI: Amplifaya za "wati 2000" zenye "waranti ya mwaka mmoja" kutoka Kariakoo, soma kabla hujatuma pesa

Tahadhari hii inawahusu wanakwaya, wenye kumbi, wakodishaji wa muziki wa sherehe na kamati za makanisa na misikiti ya mikoani, ambao hununua amplifaya za bei nafuu kwa kuona picha kwenye simu na kutumiwa mzigo kwa basi. Yupo muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye kwa muda sasa amekuwa akitangaza amplifaya za "wati 2000" kwa shilingi 420,000, akiahidi waranti ya mwaka mmoja na huduma ya fundi wa duka. Jina la duka silitaji, kwanza kwa sababu malalamiko yetu yamekwisha kufikishwa kwenye mamlaka, na pili kwa sababu jina lenyewe limebadilika tangu tuanze kumdai, kwa hiyo kulitaja kusingemsaidia mtu. Bidhaa na mbinu zake, hata hivyo, hazijabadilika.

Amplifaya yenyewe ina kasha jeusi lenye mstari mwekundu, feni mbili nyuma na taa za bluu zinazopanda na kushuka kufuata muziki, na jina lililoandikwa usoni linatofautiana na la kampuni inayoheshimika kwa herufi moja tu. Tulipoomba karatasi ya vipimo kabla ya kulipa, tulitumiwa picha ya boksi.

Kwaya ya usharika wetu, mkoani Morogoro, iliitumia kwa ibada za kawaida, yaani maiki chache na kinanda, bila tatizo lolote. Matatizo yalianza siku ya mavuno, ilipohudumia uwanja mzima tangu asubuhi: sauti ikaanza kukwaruza, upande wa kushoto ukatoa mngurumo mzito usiokatika, na kabla kijana wa mitambo hajaifikia swichi, spika ya inchi 15 ilikuwa ikitoa moshi kupitia wavu wa mbele. Spika hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko amplifaya iliyoiunguza, na hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipigii hesabu, kwa kuwa hudhani kwamba kifaa cha bei nafuu kikiharibika hasara huishia kwenye kifaa hicho.

Sasa nieleze habari ya waranti, maana hapo ndipo penye mtego hasa. Jibu la kwanza la muuzaji lilikuwa la kirafiki: "Bosi wangu, usijali, tuma kwa basi, fundi wetu ataiangalia." Nauli ya mzigo, kwenda na kurudi, ilikuwa juu yetu. Ilipofika dukani tukaambiwa kwamba umeme wa kwetu ni mbovu na kwamba waranti haihusu uharibifu unaotokana na umeme. Tulipoeleza kwamba vifaa vyote vya kanisa hupitia stabilaiza, hoja ikahamia kwenye spika: eti tulifunga spika zisizoendana na mashine. Tulipomtumia picha ya lebo ya spika zetu, zenye omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama kitabu chake mwenyewe kinavyoelekeza, ndipo ikatokea hoja ya tatu, kwamba waranti inahusu transfoma peke yake na wala si transista, na kwa hiyo tulipe shilingi 120,000 za matengenezo. Kamati ililipa kwa sababu kulikuwa na harusi mbili zilizokwisha kupangwa. Amplifaya ilirudi, ikafa tena Jumapili ya pili, upande uleule, na safari hii simu hazikupokelewa.

Naomba msomaji autazame mpangilio huo kwa makini, kwa sababu wengine walionieleza habari zao, akiwamo mkodishaji wa muziki wa Iringa na mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja Tanga, walipitishwa kwenye hoja zilezile, kwa utaratibu uleule: kwanza umeme, kisha spika, kisha "waranti haihusu kipuri hicho". Danadana ya namna hii haitokani na uzembe wa kijana wa dukani. Gharama ya kusafirisha mzigo mzito kati ya mkoa na Dar es Salaam ni silaha ya muuzaji, kwani anajua kwamba baada ya nauli mbili au tatu mteja atakata tamaa mwenyewe.

Kuna na suala la risiti. Risiti tuliyoikuta ndani ya boksi ilikuwa ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, jambo lililotupa moyo mwanzoni, lakini kiasi kilichoandikwa kilikuwa shilingi 180,000 badala ya 420,000 tulizotuma kwa simu, na maelezo ya bidhaa yalikuwa neno moja tu, "redio". Chini yake pamegongwa muhuri wa "Mali ikishauzwa hairudishwi". Kwa hiyo mkononi tulikuwa na kadi ya waranti ya mwaka mzima na muhuri unaoikana kadi hiyo, vyote vimetoka duka moja siku moja. Kupunguza kiasi kwenye risiti ni kosa la kikodi kwa muuzaji, lakini kwa mnunuzi lina madhara ya moja kwa moja: ukidai kurudishiwa pesa, ushahidi wa duka unaonyesha chini ya nusu ya ulicholipa. Kilichotuokoa ni ujumbe wa muamala kwenye simu ya mhazini.

Baada ya simu kukatika tuliipeleka mashine kwa fundi wa hapa mjini, ambaye aliifungua mbele ya wajumbe wa kamati. Transfoma ilitoa volti 35 kwa kila upande, ambazo zikishanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita huwa karibu volti 49 chanya na 49 hasi. Hesabu yake ni fupi. Kwa spika ya omu 8, volti 49 haziwezi kutoa zaidi ya wati 150 za kudumu kwa kila upande, na hiyo ni iwapo hakuna kinachopotea njiani. Ili kupata wati 1000 kila upande kwenye omu 8, mashine ingehitaji volti zisizopungua 126 chanya na 126 hasi. Hakuna ufundi wa kuziba pengo hilo. Zile "wati 2000" za kwenye boksi ni za mtindo wa PMPO, kipimo kisicho na kiwango chochote kinachokubalika, ambacho kila mtengenezaji hukikuza apendavyo. Marekani ilichoshwa na mchezo huu zamani, ikatunga mwaka 1974 kanuni ya kuwadhibiti wauzaji wa amplifaya za nyumbani katika kutangaza nguvu, na ikaikaza tena mwaka 2024.

Kisha fundi akatoa transista za kutolea sauti. Kila upande ulikuwa na jozi moja, zimeandikwa 2SC5200 na 2SA1943, namba za transista za Toshiba ambazo mafundi wetu wanazifahamu vizuri na ambazo ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani. Alichukua iliyoungua, akaipasua kwa koleo, halafu akapasua nyingine ya zamani, halisi, iliyokwisha kufa, aliyoitoa kwenye kopo la vipuri vyake. Ndani ya ile halisi palikuwa na kipande kipana cha silikoni juu ya bamba la shaba. Ndani ya ile yetu kipande hicho hakikufikia hata ukubwa wa punje ya mchele. Transista halisi ya namba hiyo imekadiriwa kuhimili joto la wati 150 ikiwa imepozwa ipasavyo. Yetu ilikuwa transista ndogo iliyovikwa koti la mkubwa wake, na kwa matumizi ya sauti ya chini haikuwa na sababu ya kujifichua.

Jambo lililomkasirisha fundi kuliko yote ni kukosekana kwa rilei ya kinga. Transista ya namna hii inapokufa, mara nyingi hupitisha umeme wote wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) moja kwa moja kwenda kwenye spika. Koili ya spika ya omu 8 huwa na ukinzani wa karibu omu 6 ukiipima kwa mita, kwa hiyo volti 49 huigeuza kuwa jiko la takriban wati 400 lisilozimika. Amplifaya yenye staha huwa na rilei inayokata spika mara tu DC inapotokea, au walau fyuzi kwenye njia za umeme za ndani. Yetu ilikuwa na fyuzi moja tu, ile ya nyuma ya ampea 3, na wati 400 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta chini ya ampea 2, maana yake fyuzi iliendelea kupitisha umeme kwa utulivu huku spika ikiungua.

Sisemi kwamba kila amplifaya ya bei nafuu ni takataka. Zipo bodi ndogo za TPA3116, chipu ya Texas Instruments, ambazo zikipewa volti 21 hutoa takriban wati 50 kila upande kwenye omu 4. Kwa darasa au kanisa dogo zinatosha kabisa, mradi muuzaji aseme wati 50 na asiseme 500. Wapo pia mafundi wetu wanaosuka amplifaya kwa transfoma nzito na vipuri vilivyochomolewa kwenye mashine za zamani, na mara nyingi waranti ya fundi unayemfahamu nyumbani kwake ni bora kuliko kadi iliyochapwa rangi.

Kwa anayekusudia kununua, aombe picha ya nyuma ya mashine kabla ya picha ya mbele. Asome fyuzi: ampea 3 mara volti 230 ni wati 690 zinazoingia, na ingawa muziki hauvuti umeme kwa mfululizo na hivyo fyuzi si kipimo kamili, mashine inayodai kutoa 2000 huku mlango wake ukiwa wa 690 inastahili maswali. Aangalie pia kama kuna swichi ya kuchagua volti 115 au 230, na kama ipo, aombe ipigwe picha ikiwa kwenye 230, kwa sababu mashine iliyoachwa kwenye 115 huungua mara tu inapochomekwa kwenye umeme wetu, na lawama zote zitakuangukia wewe. Aulize uzito. Transfoma ya mviringo ya wati 500 peke yake hukaribia kilo 4 au 5, na ingawa zipo mashine za kisasa zisizotumia transfoma nzito, hii ninayoieleza si mojawapo. Waranti iandikwe inahusu vipuri gani na nani atalipa nauli, na risiti ya EFD ionyeshe kiasi halisi, modeli na namba ya mashine. Muuzaji akisema "hiyo tutamalizana tu bosi", mazungumzo yaishie hapo.

Kisheria mnunuzi si yatima. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopokea malalamiko hayo pamoja na yale ya bidhaa za kughushi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa aina hiyo ya bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi iliyonunuliwa. Suala la ubora wa bidhaa lenyewe linaweza kupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Sisi tumewasilisha picha za tangazo, ujumbe wa muamala, risiti, mazungumzo yote ya simu na zile transista mbili zilizopasuliwa, zikiwa kwenye bahasha.

Kwa ambaye tayari anayo mashine hii, asiifungie spika anazozithamini kabla haijapimwa. Fundi aiwashe bila spika, sauti ikiwa imefungwa kabisa, kisha aweke mita kwenye DC na kupima matundu ya spika: mashine nzima huonyesha milivolti chache, kwa kawaida zisizozidi 50, na ikionyesha volti moja au zaidi isifungwe spika yoyote. Kama waranti bado ipo, kipimo hicho kifanyike bila kuvunja stika ya kasha, kwa kuwa hoja ya nne ya muuzaji, ambayo sisi hatukuifikia lakini mwenzetu wa Iringa aliifikia, ni kwamba stika imeguswa. Apige picha ya stika leo, tarehe ikionekana, na mawasiliano yote na duka yafanyike kwa maandishi.