Mwaka mzima chekechea na bado anahesabu mpaka 10 tu: rivyuu yangu

Nyota 4 kati ya 5, ile moja niliyoibana ntaeleza huko chini. Jina la shule siweki maana kuna malalamiko humu na sitaki vita na mtu.

Mwanangu alianza hapo ana miaka minne na nusu, katokea sehemu nyingine ambako alikua anahesabu mpaka 100 bila kumeza mate, wageni wakija anaitwa sebuleni anamwaga namba watu wanapiga makofi na mimi kichwa kinavimba. Siku ya kumwandikisha mwalimu akamwaga vifuniko vya chupa mezani akamwambia nipe 6. Mtoto akaanza moja mbili tatu anavuta vifuniko, mdomo unakimbia kuliko mkono, kafika kumi na moja bado anavuta tu, hajui pa kusimama. Akaulizwa haya viko vingapi, akaanza kuhesabu upya toka moja. Yani kumbe muda wote ule alikua anaimba. Niliona aibu utadhani nimefeli mimi.

Hapa wamekaa na 1 mpaka 10 karibia mwaka mzima. Muhula wa kwanza nilitaka kumtoa kabisa, binamu yake wa umri uleule daftari limejaa tiki nyekundu alafu wangu anarudi na udongo kwenye kucha. Nikaenda kwa mwalimu sura nimeikunja, akanambia kaa nyuma ya darasa nusu saa uangalie. Bas nikakaa kwenye kile kiti kidogo magoti yananigusa kidevu. Gawa vijiko kila mtu kimoja, vimebaki vingapi? Ongeza kimoja. Nimeficha viwili chini ya kikombe na vitatu mnaviona, jumla viko vingapi? Watoto wanabishana kweli kweli. Kumbe kujua kwamba namba ya mwisho uliyotaja ndo idadi ya vitu vyote ni somo zima linalojitegemea, mi nilidhani linakuja bure ukishajua kutaja namba. Akamimina pia maji toka glasi fupi nene kwenda ndefu nyembamba, karibia wote wakasema kwenye ndefu yamekua mengi, na hakuwasahihisha! Kasema hilo litakaa sawa lenyewe wakikaribia miaka 7. Nimekuja kusoma baadae kwamba Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alilifanyia kazi sana jambo hilohilo la maji.

Ila kilichonimaliza ni sauti. Kabla hawajashika herufi wanacheza na maneno mdomoni tu, wanapiga makofi ka-la-mu, makofi mangapi, matatu. Alafu wanakata: kikombe toa ki inabaki nini, kombe. Kitabu toa ki? Tabu! Huo mchezo umehamia nyumbani, hatuli kwa amani. Herufi zilipokuja wakafundishwa sauti yake sio jina, maana mtoto aliyekariri "be" na "a" ukimwambia aunganishe anakusomea "bea", wala hajakosea, kaunganisha ulichompa. Wangu alipopata ba be bi bo bu zikafunguka nyingine zenyewe kama mchezo, Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa kwahiyo silabi zikishakaa kichwani maneno yanakuja kwa mafungu.

Anageuza b na d mpaka leo, na 3 anaiandika inaangalia nyuma. Nilitaka kuanza ukali, mwalimu akachukua kikombe akakigeuza mkono kulia, akakigeuza kushoto, akauliza hiki sio kikombe tena? Miaka yote mtoto kajua kitu ni kilekile hata ukikigeuza, leo unamwambia hivi vialama ukivigeuza vinakua vitu vingine, mpe muda. Na wangu anatumia mkono wa kushoto, hawakumgusa, wamemtafutia tu mkasi wa mashoto.

Ule udongo nao una kazi yake, vidole vinapata nguvu ya kushika penseli, sawa na kufunga vifungo na kuchana karatasi. Wana na matofali ya mbao, mchemraba mmoja unaoachana vipande 8 vidogo, mwalimu anasema umetokana na Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo 1837 na baadae akaiita bustani ya watoto. Nusu na robo mtoto anazishika mkononi kabla hajazisikia jina.

Haya nyota iliyokatwa. Kwanza hayo yote nimeyajua kwa sababu nilienda na hasira, ripoti yenyewe imeandikwa "anaendelea vizuri" muhula wa kwanza, wa pili na wa tatu. Vizuri kwenye nini jamani? Mzazi asiyeenda kuuliza anaona mtoto anacheza tu na anamtoa, wawili nawajua wametoa. Pili msaidizi asipokuja mwalimu anabaki peke yake na watoto zaidi ya 30, siku hizo hakuna vijiko wala makofi, ni kelele na "kaeni chini". Tatu muhula wa mwisho wazazi walipiga kelele sana wakaanza kuleta homuweki, kuandika a ukurasa mzima, mtoto analala juu ya daftari. Wangekaza tu.

Na vitu vinapotea. Sweta 2, chupa ya maji, soksi sijui ngapi, siku moja karudi na kiatu chake kimoja na cha mwenzie kimoja na alikua hajali kabisa.

Mdogo wake nishamwandikisha, ila huyu naandika jina mpaka kwenye soksi.