Injini za Dizeli Zilizotumika: Ipi Ununue Kwanza, na Namna ya Kulikagua Gari Lisilovuta

Gari la dizeli lenye umri wa miaka 12, 15 au 20 likikosa nguvu, huenda kasoro ikaisha kwa kubadilisha filta moja, au ikadai injini nzima, na bei anayoitaja muuzaji mara nyingi haitofautishi hali hizo mbili. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimepanga injini badala ya magari, na kigezo changu kikuu ni kimoja: fundi wa kawaida wa Mbeya, Kitale au Bukoba ataweza kwa urahisi gani kugundua chanzo cha ukosefu wa nguvu na kukiondoa kwa spea zinazopatikana? Prado mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kubeba injini zenye tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo utakayoilipia kwa miaka yote utakayolimiliki gari.

Kabla ya kuchagua injini, jifunze kuutambua moshi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo kasoro nyingi za hewa, za mafuta au za mbano hujitokeza kwenye bomba la moshi. Mwarifu muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini ikiwa baridi, na ukifika weka mkono juu ya boneti kwanza. Ukikuta imeshapashwa moto, omba urudi siku nyingine. Injini ikichelewa kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe unaotoweka baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi tatizo ni hita, yaani zile plagi za kupasha joto, na gharama yake si kubwa. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, unaashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi yenyewe iliyopasuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, iwe inapitia kwenye ringi, kwenye sili za vali au kwenye tabo, yaani turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Uangalifu mkubwa zaidi uuweke kwenye moshi mweusi na kwenye kutokuwepo kwa moshi wowote, kwa kuwa hapo ndipo kasoro za hewa zinapotengana na kasoro za mafuta. Lipandishe gari mlima mrefu, kama Kitonga au Sekenke ikiwa uko karibu, ukiwa na abiria ndani, kwa sababu kuzunguka mtaani bila mzigo hakutakuonyesha lolote la maana. Likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi mzito, mafuta yanafika lakini hewa haitoshi au mafuta hayanyunyizwi vizuri: filta ya hewa imeziba, mpira unaotoka kwenye tabo umechanika, vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imekwama ikiwa wazi, tabo imechoka, au nozeli zimelika na zinadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza. Likikosa nguvu bila moshi, mafuta ndiyo hayafiki: angalia filta ya dizeli, chujio lililo ndani ya tangi, mabomba yanayovuta hewa, na mwisho pampu. Wanunuzi wengi huambiwa moja kwa moja kwamba pampu imekufa, ilhali filta haijabadilishwa kwa muda mrefu. Mnunuzi wa nyanda za juu akumbuke pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo gari lililovuta vizuri Tanga litakuwa zito Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na halitakuwa na kasoro yoyote.

Sababu nyingine ya pampu na nozeli kufa mapema katika ukanda wetu ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha sehemu za ndani za pampu, na mafuta ya taa hayawezi kazi hiyo. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambua uchakachuaji, katika mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Gari kuukuu unalolinunua leo huenda lilitumia mafuta yaliyokuwepo kabla ya hatua hizo.

Nafasi ya kwanza naipa 1HZ ya Toyota bila kusita. Ni injini ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta ya kusimamia mafuta, na imekuwa ikifungwa kwenye Land Cruiser tangu mwaka 1990. Ndiyo inayoyatembeza magari mengi ya mashirika ya misaada mnayoyaona vijijini. Ni nzito kwa asili, kwa hiyo usiihukumu kwa mwendo. Ikidhoofika kuliko kawaida yake, orodha ya washukiwa ni fupi: filta, nozeli, sili za pampu zilizokauka, au mbano uliopungua, na vyote hupimwa katika gereji yoyote ya pampu na nozeli. Yako mambo mawili ya kukagua kwa makini. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya dashibodi inayokumbusha jambo hilo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo dai risiti au fungua kifuniko uuone. Pia epuka 1HZ iliyoongezewa tabo mitaani, kwa sababu hedi yake haikuundwa kwa joto hilo na huwa inapasuka. Kikwazo kilichobaki ni bei, maana anayeimiliki anajua alichonacho.

Asiyeweza kufikia bei hiyo atazame nafasi ya pili: 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, zilizomo katika Hilux na Hiace za zamani, au TD27 ya Nissan. Nguvu yake ni ndogo na kelele ni nyingi, lakini uchunguzi wake ni uleule wa 1HZ na spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa mkulima au mfanyabiashara wa mizigo midogo, ni ununuzi wa busara kabisa.

Nafasi ya tatu ni 1KD-FTV, lita 3.0, iliyomo katika Prado ya toleo la 120, Prado za toleo la 150 za mwanzo na Hilux Vigo. Hii ndiyo injini ambayo wanunuzi wengi watakutana nayo, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa kuwa ikiwa nzima inavuta vizuri sana na inatumia mafuta kwa kiasi, lakini ikiharibika inaharibika kwa gharama. Nozeli zake zinaendeshwa kwa umeme na hukaa juu ya sili za shaba. Sili hizo zikivuja, gesi ya moto huingia kwenye oili na kuigeuza kuwa masizi mazito, masizi huziba chujio la oili lililo chini ya injini, oili hukosa kupanda, na injini hufa. Mwenye gari hakuona dalili yoyote isipokuwa mlio wa kugonga asubuhi na oili iliyoganda chini ya kifuniko cha kujazia oili. Fungua kifuniko hicho, pitisha kidole ndani, na ukikuta masizi magumu yaliyoganda, sitisha mazungumzo ya bei mpaka sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe.

Faida yake ni kwamba kompyuta hutoa ushahidi kabla hujalipa. Mtafute fundi mwenye kifaa kinachosoma takwimu za marekebisho ya kila nozeli injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta na ikiwa imeshapata moto. Silinda yoyote inayovuka milimita za ujazo 3 kwa juu au kwa chini ina nozeli iliyochoka. Msimbo P0087 humaanisha shinikizo la dizeli ni dogo kuliko linalotakiwa, na mara nyingi chanzo ni filta au vali ndogo ya kudhibiti uvutaji kwenye pampu, wala si pampu nzima. P0299 huelekeza kwenye tabo na mipira yake. Angalia pia kama misimbo imefutwa asubuhi hiyohiyo. Nozeli nne mpya za asili ni fedha nyingi, na kwa zile zinazokuja na namba zake za urekebishaji, ni lazima namba hizo ziingizwe kwenye kompyuta. Aliyezibadilisha bila kufanya hivyo amekuachia kazi isiyokamilika.

Ya nne ni 1KZ-TE, lita 3.0 pia, ya Prado ya 90 na Hilux Surf. Kimuundo ni rahisi kuliko 1KD, na wapo watakaonilaumu kwa kuiweka chini. Sababu yangu ni hedi yake ya aluminiamu, ambayo hupasuka gari likichemsha hata mara moja, na mpasuko mdogo unaweza kupita katika jaribio la nusu saa bila kuonekana. Fungua rejeta injini ikiwa baridi, iwashe, na utazame kama mapovu yanapanda mfululizo. Baada ya safari, liache gari lipoe usiku kucha, kisha ubonyeze mpira wa juu wa rejeta: ukiwa bado mgumu, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Muuzaji asiyekubali gari lilale kwa fundi wako usimwamini.

Mazda CX-5 ya lita 2.2 naiweka ya tano, ingawa ni gari zuri kuendesha na bei yake huvutia. Mbano wake ni 14 kwa 1, mdogo kwa dizeli, na moshi wake hupitia DPF, chujio la masizi linalojisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa kwenye mwendo mrefu. Anayeendesha safari fupi za foleni tu hukatiza usafishaji huo kila mara. Dizeli ya ziada inayonyunyizwa kwa kazi hiyo hushuka kwenye oili, na kiwango cha oili hupanda badala ya kushuka. Vuta kijiti cha kupimia: oili ikifika kwenye alama ya X, gari hilo limekuwa likiteseka. Masizi pia hujaa kwenye njia ya kuingizia hewa na kupunguza nguvu polepole. Dizeli yetu nayo haisaidii chujio hilo: kiwango cha juu cha salfa kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani, ambako magari haya hutoka, ni 10. Nunua hii ikiwa unasafiri barabara kuu kila wiki na una fundi wa Mazda unayemwamini.

Za mwisho ni ZD30 za mwanzo za Nissan Patrol, zilizojulikana hasa Australia kwa kuyeyusha pistoni, na 2L-TE ya Toyota ambayo hedi yake ni dhaifu. Siwezi kumshauri mtu anunue yoyote kati ya hizo kwa bei ya kawaida.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Prado na Hilux nyingi zimebadilishiwa injini, na mabadiliko hayo yanapaswa kusajiliwa TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya. Namba zisipolingana, muuzaji ndiye anayepaswa kukamilisha usajili huo kwa jina lake, ndipo fedha zitoke mkononi mwako.