Kozi ya masupavaiza ya kumjua dereva aliyelewa: nyota 4 kati ya 5

Wabongo na ndugu zetu Wakenya na Wakongo mliofungua kampuni za malori huku Marekani, hii kozi sio hiari jamani, ukishaajiri dereva wa CDL (leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara) na we ndo unamsimamia lazima uipitie, dakika 60 za pombe na dakika 60 za madawa ya kulevya. Mi nimesoma ya online, ya bei poa tu.

Upande wa pombe wameutendea haki. Kuna video dereva anashuka kwenye trela, kashikilia mlango kama hataki kuuachia, anajibu maswali huku kageuza uso pembeni, halafu unaulizwa umeona nini. Ukichagua "amelewa" umekosa! Wanataka kile ulichokiona na kukinusa mwenyewe: macho mekundu, maneno yanavutika, anayumba, harufu ya pombe. Maana hata mtu wa kisukari sukari ikimshuka anayumba na kuongea hovyo, na we sio daktari. Na saa zinakimbia, kipimo cha pombe kifanyike ndani ya masaa 2, ukichelewa uandike kwa nini, yakipita 8 ndo basi tena. Akisoma 0.04 (kiwango cha pombe mwilini) amefeli, ila hata 0.02 anakaa pembeni masaa 24.

Upande wa madawa sasa, mh, slaidi tupu na sauti ya roboti, nilisinzia. Angalau wamesema wazi kwamba bangi hata kama jimbo lako limeruhusu, ruhusa hiyo dereva wa CDL haimhusu. Miraa hawajaigusa kabisa, na sisi tunajuana lol. Haimo kwenye yale makundi 5 yanayopimwa kwenye mkojo, ila kwa sheria ya huku ni marufuku vilevile.

Nyota moja nimeikata hapa: hawafundishi namna ya kumwambia mtu. Dereva ana umri wa baba yako, kesho mko wote msikitini au kanisani, unaanzaje "mzee shikamoo, naomba funguo, twende ukapimwe"? Na hapo usimwache aondoke anaendesha mwenyewe, unampeleka wewe au unamtafutia usafiri. Wamegusia kidogo tu wakaruka.

Cheti kinatoka palepale, kitunze kwenye faili wakaguzi wakija. Na wakikutumia imeili ulipie tena kila mwaka achana nao, FMCSA (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa malori) haidai kurudia, hiyo ni biashara yao.