Suruali ya jinzi ya EPZ: mshono wa Mombasa, kitambaa cha mbali

Huu ni mwezi wa nne navaa suruali ya jinzi iliyoshonwa katika kiwanda kimoja cha EPZ, yaani eneo maalumu la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, hapa Mombasa, niliyoinunua kwa shilingi 1,500 katika duka la nguo karibu na soko la Kongowea, na kwa kuwa jamaa kadhaa wameniuliza kama inafaa kushindana na mtumba, nimeona niwajibu kwa kirefu.

Nianze na mshono, maana hapo ndipo penye fahari. Nimeigeuza ndani nje na kuikagua: miguu imeunganishwa kwa mishono miwili inayokwenda sambamba kutoka kiunoni hadi pindoni, pembe za mifuko zimekazwa kwa uzi ulioshindiliwa, na sikuona mahali hata pamoja ambapo uzi umeruka. Naifua kila wiki na kuianika juani, nayo haijafumuka wala kuvuta upande. Fundi wangu wa cherehani wa Majengo aliipitisha kidole pindoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Aliyeshona hii, mkono wake umekomaa."

Zipu ndiyo lalamiko langu. Iling'oka meno katika wiki ya sita, na nilipoirudisha dukani nilikataliwa. Nikalipa shilingi 150 kutiwa nyingine.

Lebo inasema imetengenezwa Kenya, na ni kweli kwa upande wa kazi ya mikono. Lakini vitambaa vinavyokatwa katika viwanda hivi vingi hushushwa bandari ya Kilindini kwa makontena kutoka Asia, pamoja na zipu na vifungo. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 ilimpa mwekezaji msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha kodi ya asilimia 25 kwa miaka 10 mingine, bila kumdai atumie pamba ya hapa. Mpango wa AGOA wa Marekani wa biashara na Afrika, ulioanza mwaka 2000, nao uliruhusu nchi kama yetu kutumia kitambaa kutoka popote na bado kuingiza nguo huko bila ushuru. Hivyo zilikuja ajira kwa makumi ya maelfu, jambo ambalo simruhusu mtu alidharau, ilhali mkulima wa pamba hakuona senti. Wakati huohuo kiwanda cha nguo cha Kicomi cha Kisumu kilikuwa kimefungwa, na kile cha Rivatex ya Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1976, kilianguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka 2007.

Siamini kwamba kuanza na ushonaji ni kosa. Mwaka 1979 kampuni ya nguo ya Desh ya Bangladesh iliwapeleka wafanyakazi 130 Korea Kusini kujifunza katika viwanda vya Daewoo. Wengi wao baadaye walitoka wakaanzisha au kusimamia viwanda vingine, na nchi ikaendelea hadi kusokota nyuzi na kufuma vitambaa vyake yenyewe. Kwetu mikono imekwisha kujifunza, kama suruali hii inavyoonyesha. Kilichokosekana ni serikali kuufungamanisha msamaha wa kodi na sharti la hatua inayofuata, yaani nyuzi, kitambaa, hata hiyo zipu.

Kwa mnunuzi, tatizo jingine ni saizi. Viwanda vya EPZ huhitaji idhini kuuza ndani ya nchi, tena sehemu ndogo tu ya bidhaa zao na kwa kulipa ushuru, kwa hiyo kinachofika madukani ni kile kilichobaki kwenye oda za ng'ambo. Nilikuta viuno vya 38 na 40 tele, na miguu mirefu iliyonilazimu kukata pindo. Kiuno cha 32 kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho hiki.

Hata hivyo naipendekeza kwa moyo mmoja, hasa kwa anayefanya kazi ya sulubu. Nitanunua ya pili mwezi ujao, na safari hii nitaivuta zipu juu chini mara kumi kabla sijatoa pesa.