"Catspaw": Mizuka ya Star Trek Isiyomtisha Mtu

Kipindi cha "Catspaw", kilichomo katika msimu wa pili wa mfululizo wa kwanza wa Star Trek, hadithi za kisayansi za mabaharia wanaosafiri kati ya nyota, kilirushwa hewani na televisheni ya NBC ya Marekani tarehe 27 Oktoba 1967, siku nne kabla ya Halloween, usiku ambao watoto wa nchi hiyo huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende. Kilitengenezwa kiwe hadithi ya mizuka ya majira hayo, na mswada wake ulitoka kwa Robert Bloch, yuleyule aliyeandika mwaka 1959 riwaya ya Psycho ambayo Alfred Hitchcock aliigeuza filamu. Mtu anayeijua kazi hiyo ana haki ya kukaa mbele ya runinga akitarajia kutetemeka. Dakika hamsini baadaye anainuka akiwa ametabasamu mara mbili tatu na hajashtuka hata mara moja, isipokuwa pale mwanzoni kabisa.

Mwanzo wenyewe, kusema kweli, hauna dosari. Chombo cha anga cha Enterprise kinaizunguka sayari ya Pyris VII, mabaharia watatu wameshuka kuikagua, na mmoja wao, Jackson, anaomba arudishwe peke yake. Anatokea kwenye jukwaa la mtambo wa kusafirishia watu akiwa amesimama wima, macho yamekodoka, kisha anaanguka sakafuni, na Daktari McCoy anathibitisha kuwa amekwisha kufa. Hapo ndipo kutoka katika kinywa kilichoachama cha maiti inapotoka sauti isiyo yake, ikimwita Kirk, kapteni wa Enterprise, kwa jina na kumwarifu kwamba chombo chake kina laana, na kwamba wasipoondoka watakufa wote. Hakuna damu, hakuna jitu, hakuna giza. Kuna maiti mmoja, sauti moja, na chumba chenye taa za kutosha ambamo kila kitu kinaonekana na hakuna kinachoeleweka. Kama kipindi kizima kingeendelea kwa uchache huo huo, leo kingekuwa miongoni mwa bora za mfululizo.

Badala yake, Kirk, msaidizi wake Spock na McCoy wanaposhuka kuwatafuta Scott na Sulu, wale wawili walioshuka pamoja na Jackson, waandaaji wanamwaga kila walichokuwa nacho stoo. Kuna ukungu, wachawi watatu wanaoelea wakitoa vitisho kwa mashairi ya vina, ngome yenye lango linalokwaruza, paka mweusi, gereza la chini kwa chini, minyororo ukutani na viunzi vya mifupa. Scott na Sulu wanapopatikana wamekuwa misukule, wanatembea na kutii bila kusema neno. Kila kimoja kati ya vitu hivyo, kikipewa nafasi, kingeweza kutisha. Vikija vyote pamoja ndani ya robo saa, vinakuwa maonyesho ya vinyago. Hata wahusika wenyewe hawatishiki. Kirk anapomwomba Spock maoni yake kuhusu wale wachawi, Spock anajibu kwamba mashairi yao ni mabaya sana. Ni utani mzuri, pengine bora kuliko wote katika kipindi, lakini ndio unaoizika hofu, kwa sababu mtazamaji hawezi kuogopa kitu ambacho watu waliomo hatarini wanakichambua kama wahakiki wa fasihi.

Paka ndiye aliyenisikitisha zaidi. Msomaji wa pwani yetu, aliyekua akionywa asimpige paka usiku kwa kuwa huenda si paka, anajua ni utajiri gani umo katika mnyama huyo. Na kwa kitambo kidogo kipindi nacho kinaonekana kujua: paka anatoka chumbani akiwa na kidani shingoni, na mara mwanamke aitwaye Sylvia anaingia akiwa amevaa kidani kama hicho, wala hakuna anayeharakisha kutufafanulia. Huo ndio ufundi. Lakini kuelekea mwisho Sylvia anageuka paka mkubwa kuliko ng'ombe, na njia iliyotumika kumwonyesha ni kumweka paka wa kawaida ndani ya ujia mdogo wa kuigiza na kukuza kivuli chake ukutani. Paka mwenyewe, aliyepewa kazi ya kuwaua mashujaa, anatembea kwa utulivu wa mnyama anayetafuta mahali pa kulala.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya kipindi hiki haitokani na uhaba wa fedha, na wanaokicheka kwa sababu ya paka na nyuzi zinazoonekana za vikaragosi vya mwishoni wanakionea. Kasoro ni kwamba wazo lake lenyewe, ambalo ni zuri, limeachwa njiani. Sylvia na mwenzake Korob si wachawi bali ni wageni kutoka mbali, ambao walijaribu kuzisoma akili za binadamu ili wawajengee mazingira waliyoyazoea, wakapitiliza hadi kwenye kina kile ambamo ndoto mbaya zinakaa. Kwa maneno mengine, ngome hii yote ni ukarimu uliokosea njia. Jambo hilo lingeweza kuzaa hadithi ya kutisha kweli, kwani mwenyeji asiyetofautisha kinachokupendeza na kinachokutia hofu ni hatari kuliko mchawi yeyote. Lakini maelezo hayo yanatolewa mdomoni, kwa sentensi chache, na baada ya hapo hayazai kitu. Misukule wanaendelea kupiga ngumi na milango inaendelea kufungwa.

Sylvia peke yake ndiye anayepata faida ya wazo hilo. Amevaa mwili wa kibinadamu kwa mara ya kwanza na ameonja hisia, naye hataki tena kuziachia, wala hajui kujizuia. Antoinette Bower anamwigiza kwa uzito ambao mswada haukuustahili. Anaponing'iniza kijimfano cha fedha cha Enterprise juu ya mwali wa mshumaa, na mabaharia walioko juu angani wakaanza kutokwa jasho, tunauona uchawi wa kale ukifanya kazi mahali pa sayansi, na kwa dakika moja mambo hayo mawili yanashikana. Theo Marcuse, aliye Korob, ana upole wa mtu aliyechoshwa na mwenzake, na inasikitisha kujua kwamba alifariki katika ajali ya gari mwezi mmoja tu baada ya kipindi kurushwa. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, ambaye jina lake wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa, hapewi la kufanya.

Kirk anapokivunja kifimbo cha nguvu za wageni hao, ngome inatoweka na tunawaona katika umbo lao la kweli: viumbe wawili wadogo wa manyoya na vijiti, wanaotetemeka kwenye nyuzi zao hadi wanapoyeyuka. Mimi nilipenda udogo wao. Ungefaa zaidi kama hofu waliyoisababisha ingekuwa kubwa.

Anayetaka kuona Bloch alivyoweza kuandika mizuka ndani ya mfululizo huohuo atafute "Wolf in the Fold", kilichoonyeshwa tarehe 22 Desemba 1967 chini ya mwongozaji yuleyule, Joseph Pevney. Humo Scott anatuhumiwa kuua wanawake kwa kisu katika sayari ya amani, na maelezo ya kisayansi yanapotolewa hofu inazidi, kwa sababu kiumbe kinachosakwa kinahamia ndani ya kompyuta ya chombo chenyewe. Nacho kina aibu zake, hasa namna wanawake wanavyoletwa ili wauawe tu. Lakini kwa jioni moja ya vitisho vya zamani, ningetazama "Catspaw" hadi pale maiti ya Jackson inapomaliza kusema, kisha ningehamia huko.